Daktari Mwanagenzi Naye Apewe Mtetezi

Hapana kazi inayoombewa dua nyingi kama kazi ya tabibu, wala hapana kazi ambayo mwenye kuifanya hulaumiwa upesi zaidi pale mambo yanapokwenda kombo. Mgonjwa akipona, shukurani humwendea Mwenyezi Mungu, na ndivyo ipasavyo. Mgonjwa akifariki, macho ya watu humtafuta aliyekuwa karibu na kitanda. Na aliyekuwa karibu na kitanda, katika hospitali nyingi za ulimwengu, si daktari bingwa, bali ni daktari kijana ambaye angali anajifunza kazi chini ya wakubwa zake. Huyo ndiye tunayemwita katika makala haya daktari mwanagenzi.

Swali tunalowawekea wasomaji wetu leo ni hili: mwanagenzi huyo anapoitwa mbele ya baraza la nidhamu, je, apewe mtetezi anayeijua sheria, au aachwe ajisemee mwenyewe? Wako ndugu zetu wasemao kwamba ikiwa hana kosa hana la kuogopa, na ikiwa analo, wakili ni wa nini? Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini ni mepesi yakitiwa mizanini. Ili tuyapime vyema, natutazame kesi moja iliyotokea Uingereza, nchi ambayo mabaraza yetu ya taaluma yamerithi kwake mengi katika sura na taratibu zao.

Tarehe 18 Februari 2011, mtoto wa miaka 6, ambaye tangu zamani alikuwa na maradhi ya moyo, alifikishwa katika hospitali ya Leicester Royal Infirmary akiwa anatapika, anaharisha na kupumua kwa shida. Alipokewa na Daktari Hadiza Bawa-Garba, mzaliwa wa Nigeria, aliyekuwa katika mwaka wake wa sita wa mafunzo ya ubingwa wa maradhi ya watoto. Daktari huyo alikuwa ndiyo kwanza amerejea kutoka likizo ya uzazi iliyozidi mwaka mmoja. Daktari bingwa mwenye dhamana ya siku ile alikuwa mji mwingine hadi saa kumi na nusu jioni. Mitambo ya kompyuta iliharibika, na majibu ya damu yakachelewa kwa saa nyingi. Mwanagenzi akawa anabeba kazi ambayo kwa desturi ilipasa kugawanywa baina ya watu kadhaa.

Katika hali hiyo alidhani mtoto ana maradhi ya tumbo, kumbe ni nimonia iliyokwisha kutia sumu katika damu. Picha ya kifua ilikuwa tayari tangu mchana, lakini haikutazamwa mara moja, na dawa ya kuua vijidudu ilitolewa alasiri. Usiku, mtoto alipozidiwa, daktari alimchanganya na mtoto mwingine ambaye ilikwisha amuliwa kwamba asihuishwe, akasimamisha kwa muda mfupi juhudi za kumwokoa kabla kosa hilo halijagunduliwa. Mtoto alifariki usiku ule ule.

Hatuyaelezi haya ili tumtakase mtu. Makosa yalifanyika, na wazazi wakamzika mtoto wao. Uchungu wao haufutwi na hoja ya wakili yeyote. Lakini hospitali yenyewe ilipofanya uchunguzi ilikuta kasoro nyingi katika mpango wake wa kazi, wala haikuona chanzo kimoja tu cha msiba ule. Pamoja na hayo, katika Novemba 2015 jopo la raia katika mahakama ya Nottingham lilimtia daktari hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia kwa uzembe mkubwa, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 2 kilichoahirishwa.

Hapo ndipo ilipoanza kesi ya pili, ambayo ndiyo hasa inayotuhusu, yaani kesi ya nidhamu. Katika Juni 2017, baraza la kusikiliza mashauri ya madaktari lilipima mazingira yote ya siku ile, likaona inatosha kumsimamisha kazi kwa miezi 12. Mamlaka ya kusimamia madaktari nchini humo haikuridhika. Ilikwenda Mahakama Kuu, na katika Januari 2018 mahakama hiyo ikaamuru jina lake lifutwe katika daftari la madaktari.

Habari hiyo iliwashtua madaktari wa Uingereza nzima, hususan wale walio mafunzoni, ambao kila mmoja alijiona katika kiatu kile kile. Walichanga fedha, huyu kidogo na yule kidogo, hata zikapatikana pauni zaidi ya 300,000 za kugharimia mawakili. Watetezi wakaenda Mahakama ya Rufaa. Hawakuipinga hukumu ya jinai, wala hawakudai kwamba hapakutokea kosa. Walichodai ni kwamba baraza la nidhamu lilikuwa na haki ya kutazama jambo lote, pamoja na upungufu wa hospitali, kabla ya kuamua adhabu. Tarehe 13 Agosti 2018 majaji watatu walikubali. Walieleza kwamba kazi ya jopo la raia ni kuamua kama mtu ana hatia, na kazi ya baraza ni kuamua kama mtu huyo anafaa kurejea kuwatibu watu na kwa masharti gani. Hizo ni kazi mbili mbalimbali. Amri ya kumfuta ikatanguliwa, na baadaye akaruhusiwa kurudi kazini kwa masharti.

Wasomaji watazame vyema mwendo wa jambo hili. Siku ilikuwa ile ile, makosa yalikuwa yale yale, na daktari alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni kwamba alipatikana mtu wa kusimama na kuiweka habari nzima mbele ya waamuzi. Laiti daktari huyo angekosa wa kumchangia, hukumu ya kumfuta ingesimama, na fundisho la kisheria lililopatikana kwa faida ya wote lisingepatikana. Je, haki ya mtu iwe inategemea michango ya marafiki?

Jambo hili si la Uingereza peke yake. Katika Machi 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York, Marekani, akiwa mikononi mwa madaktari wanagenzi wawili, katika zama ambazo wanagenzi huko walikuwa wakifanya kazi hata saa 36 mfululizo. Wanagenzi hao walishtakiwa kwa mamlaka ya jimbo, na shauri lao likavutwa kwa miaka. Mwishowe walipewa onyo la kinidhamu, na mwaka 1991 mahakama ikalifuta onyo hilo. Wakati huo jimbo la New York lilikwisha tangaza, mwaka 1989, kwamba mwanagenzi asizidishe saa 80 za kazi kwa wiki. Lililowaokoa wagonjwa waliofuata ni kupunguzwa kwa saa za kazi. Kuwaadhibu vijana wawili kusingefanya hivyo.

Wahenga wametuambia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kwa aliye ofisini kusema kwamba mwanagenzi ajisemee mwenyewe. Lakini mwanagenzi hawezi, kwa sababu tatu. Kwanza, mkubwa anayepaswa kumlaumu kwa kutokuwapo zamu ndiye huyo huyo atakayetia saini cheti chake cha mafunzo. Pili, karatasi za zamu, kumbukumbu za mitambo na orodha ya wagonjwa ziko mikononi mwa hospitali, si mikononi mwake. Tatu, siku ya msiba huambiwa aandike maelezo, naye huandika akiwa na machozi na majuto, na maneno ya majuto husomwa baadaye kana kwamba ni ungamo la mhalifu.

Visiwani kwetu Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha madaktari, na vijana wetu wengine wanasomea ubingwa Bara na ng'ambo. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kama ile ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa, pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho. Kusikilizwa kwa ukamilifu si kuitwa ofisini kwa dakika tano na kuulizwa kama una la kusema.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa viongozi wetu mambo manne. Mosi, mwanagenzi anayetuhumiwa apewe tuhuma zake kwa maandishi, pamoja na muda wa kutosha wa kuzijibu. Pili, awe na mtetezi tangu siku ya maelezo ya kwanza, si baada ya hukumu. Tatu, uchunguzi wa kutafuta chanzo cha msiba utengwe na shauri la nidhamu, ili watu wasiogope kusema kweli. Nne, uanzishwe mfuko wa utetezi unaochangiwa na waganga wenyewe kidogo kidogo. Madaktari wa Uingereza walianzisha chama cha namna hiyo tangu mwaka 1885, na hakuna linalotuzuia kuiga jema.

Twajua wapo watakaouliza kuhusu haki ya mgonjwa. Tunawajibu kwamba mgonjwa ndiye wa kwanza kufaidika. Mzazi aliyefiwa anastahili kuujua ukweli wote: nani hakuwapo, mtambo gani uliharibika, zamu ilipangwa na nani. Baraza lisilomsikiliza mtetezi humpa mzazi jina la mtu mmoja wa kumchukia, kisha wodi hubaki vile vile, ikimngoja mtoto mwingine na mwanagenzi mwingine.

Mwanagenzi mwenye kosa na aadhibiwe kwa kadiri ya kosa lake. Lakini kabla ya adhabu asikilizwe, na pembeni yake awepo mwenye kuijua sheria. Hilo ni deni letu kwa vijana tuliowapeleka skuli ili waje watutibu, na ni deni letu pia kwa wagonjwa wanaowangojea.