Anayeshua mashua hana budi kujiandaa mbali na maji

NI jambo la kawaida mwishoni mwa juma, katika diko lenye shughuli nyingi, kuona gari limesimama katikati ya mteremko wa saruji likiwa na trela iliyobeba mashua. Baba anatafuta kizibo, mama anapakia vikapu, nao watoto wanacheza majini nyuma ya trela. Magari mengine yamepanga foleni, ilhali mvuvi aliyerejea na samaki anaelea nje akisubiri nafasi, barafu yake ikiyeyuka.

Taswira hiyo huzaa ugomvi, na wakati mwingine maafa. Kiini chake ni kimoja: matayarisho ambayo yangefanyika kando yamefanyiwa mahali ambapo hakuna nafasi wala muda.

Muda huo hupangwa na bahari. Katika Pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa mjini Mombasa yaweza kukaribia mita nne.

Isitoshe, maji hayaondoki kwa kasi moja. Yakishuka mita 3.6 kwa saa sita, saa ya kwanza huondoka takriban mita 0.3 tu, lakini saa ya tatu na ya nne huondoka mita 0.9 kila moja. Familia inayochelewa saa mbili yaweza kukuta ncha ya mteremko imebaki juu ya matope. Kwa hivyo, saa ya kurudi sharti ipangwe kabla ya kuondoka.

Gari lifikapo dikoni, lisimame kwanza kando. Hapo kizibo kifungwe, mafuta na injini zikaguliwe, vyakula vipakiwe, na jaketi za kuokoa maisha zihesabiwe kulingana na idadi ya abiria. Kamba mbili zifungwe, moja omoni na nyingine tezini. Mikanda ya nyuma ifunguliwe, lakini ule wa omo uachwe hadi mashua iwe majini. Wengi walioufungua mapema wameshuhudia chombo kikiteleza na kuanguka juu ya saruji.

Wakati wa kurudi nyuma, dereva aongozwe na mtu mmoja pekee. Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Abiria wote washuke garini, madirisha yawe wazi, na asiwepo mtu yeyote nyuma ya trela. Sehemu ya chini ya mteremko, ambayo hufunikwa na maji kila siku, huota ukungu wa kijani unaoteleza mno. Breki ya mkono pekee haitoshi. Kabari ziwekwe kwenye magurudumu ya gari.

Mashua ikielea, ivutwe kando kwa kamba na gari liondoke mara moja. Abiria wapandie huko, si kwenye mteremko.

Kurejea kuna utaratibu huo huo. Mashua hungoja nje huku mtu mmoja akifuata gari. Trela ikiwa majini, mashua huingizwa polepole, mkanda wa omo hufungwa, injini huinuliwa, kisha gari hupanda bila kusita. Kufungua kizibo ili maji yatoke na kuosha injini kwa maji yasiyo ya chumvi ni kazi za kando.

Wasio na trela huvuta chombo kwa mikono juu ya magogo. Kwao hatari kubwa ni mguu kunaswa chini ya mkuku. Wavutaji wakae ubavuni, gogo la nyuma lihamishwe mbele chombo kikiwa kimesimama, na mmoja atoe sauti ya kuvuta. Aidha, chombo kipandishwe juu ya alama ya maji ya jana, kwa sababu bamvua inapokaribia, maji ya usiku yaweza kukielea na kukichukua.

Sheria nayo ina nafasi yake, kwani Mamlaka ya Masuala ya Bahari ya Kenya (KMA) ndiyo inayosimamia usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo. Hata hivyo, hakuna afisa awezaye kusimama katika kila diko akiwaondoa watoto nyuma ya trela. Hilo ni jukumu la mwenye mashua, na dakika 10 anazozitumia kando ya barabara huenda zikawa ndizo zitakazoirejesha familia yake nyumbani salama, na kumwezesha mvuvi kufikisha samaki wake sokoni kabla hawajaoza.