MOTOKA, THELUJI NA MLIMA: NAMNA WATU WANASAFIRI NA KULALA KATIKA BARIDI KALI



Katika somo la jiografia tunaandika neno «theluji» bila shida, lakini wengi wetu hatujaiona kwa macho. Kwetu Congo iko juu kabisa ya Ruwenzori tu, pale Margherita, metre 5,109. Walakini kuko inchi ya Afrika ambapo theluji inaanguka kila mwaka hata juu ya barabara, na watu wanapita ndani yake na motoka, tena wanalala kule kule milimani. Inchi hiyo ni Lesotho. Tumeona vema kueleza namna wanavyofanya, maana kuko fundisho moja linalotuhusu sisi pia humu bwenini.

1. Inchi yenyewe

Lesotho imezungukwa na Afrika ya Kusini pande zote. Pahali pa chini kabisa pa inchi hiyo ni karibu metre 1,400, na mlima wake mkubwa, Thabana Ntlenyana, unafika 3,482. Makanisa ya Kiprotestanti yanaijua tangu zamani: wamisionari wa Paris, ndio Casalis, Arbousset na Gosselin, walifika kwa mfalme Moshoeshoe mwaka 1833, wakaanza kazi pale Morija. Hata leo wachungaji wa milimani wanapanda farasi na kujifunika blanketi nzito za sufu.

Mtu akitoka upande wa mashariki, njia yenye sifa ni Sani Pass. Inapanda milima ya Drakensberg kutoka karibu metre 1,500 mpaka karibu 2,900, kona juu ya kona. Kwanza ilikuwa njia ya nyama za mizigo. Jeep ya kwanza ilipanda mwaka 1948. Kwa miaka mingi walinzi wa mpaka hawakuruhusu kupanda motoka isiyovuta kwa magurudumu yote mane.

Baridi yao ni mwezi wa sita mpaka wa nane. Lakini theluji haisomi kalenda. Mwezi wa Septemba 2024, wakati watu walidhani baridi imekwisha, theluji nyingi ilifunga barabara kubwa ya N3 kwa Van Reenen, katika milima ile ile, upande wa Afrika ya Kusini. Motoka nyingi zilikwama usiku mzima na watu ndani.

2. Motoka

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba motoka ya magurudumu mane inaweza yote. Magurudumu mane yanasaidia kuvuta, hayasaidii kusimama. Juu ya barafu inateleza sawa na nyingine. Kwa hiyo shofere anatelemka kwa vitesi ya kwanza, anaacha motere yenyewe izuie, wala hakanyagi freni kwa nguvu. Mashofere wetu wa kamio wanajua hiyo kazi kwa matope ya masika. Wanajua pia minyororo ya kufunga juu ya mipira. Ila inafungwa mbele ya kufika kwa mlima, si wakati motoka imekwisha kuteleza.

Baridi inashika motere vilevile. Mmeona mafuta ya mawese asubuhi ya baridi: yanaganda ndani ya chupa. Mazutu nayo ina kitu kama nta; baridi ikizidi, nta inaganda na kuziba filtre, motere inakufa. Maji ya radiatere yakigeuka barafu yanaongezeka ukubwa, na yanaweza kupasua chuma cha motere. Ndiyo sababu wanachanganya dawa isiyoganda upesi. Batri nayo inapoteza nguvu. Hata freni ya mkono inaweza kuganda usiku, basi wanaacha motoka ndani ya vitesi na kuweka mawe kwa magurudumu.

3. Kulala

Hema hawaisimamishi chini bondeni, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito, inatelemka usiku na kujaa mle kama maji. Wala hawaisimamishi juu kabisa, upepo usiwapige. Wanatafuta pahali pa katikati. Udongo unanyonya joto la mwili kupita hewa, kwa hiyo nguo nyingi zinawekwa chini ya mtu, si juu yake tu. Nguo zenye maji zinavuliwa mara moja. Tena mtu anakula vizuri mbele ya kulala, maana tumbo lisilo na chakula halina kuni.

Na sheria tatu za safari: motoka zikwende mbili, mtu aliyebaki nyumbani ajue njia na siku ya kurudi, na motoka ikikwama, msiiache. Ndani yake mnapata kinga ya upepo, na watu wanaona motoka upesi kuliko mtu peke yake anayetembea.

4. Moshi usioonekana

Hapa ndipo tunataka kila mtu asome mara mbili. Katika safari za namna hii, watu wengine hawauawi na theluji. Wanauawa na moto waliouwasha wapate joto. Theluji ikiziba bomba la moshi na motere inazunguka, ao mtu akiingiza makala ndani ya hema, inatoka gazi CO. Haina harufu, haina rangi. Inashikana na damu mara zaidi ya mia mbili kupita oksijeni, hivi damu haina nafasi tena ya kubeba hewa. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anashikwa na usingizi. Kisha haamki.

Ndugu, makala ya Lesotho na makala yetu ni moja. Usiku wa baridi kuko wenzetu wanaoingiza mbabula bwenini, wanafunga mlango na madirisha, na wanasema: «Hakuna moshi, makala imekwisha kuwa nyekundu.» Ile nyekundu ndiyo inayodanganya. Mbabula ikae inje. Mwenye kusikia baridi aombe blanketi, ao walale wawili karibu. Na mkikuta mwenzenu amelegea ndani ya chumba chenye makala, fungueni mlango, mtoeni inje kwa hewa safi, kisha mwite mwalimu upesi, hata ikiwa saa nane ya usiku. Hakuna atakayewagombeza kwa kumwamsha.