Kerezo Dogo: Libadilishwe au Litengenezwe?

Kila fundi anayekereza matendegu ya vitanda, miguu ya meza na nguzo za ngazi hufika siku akalitazama kerezo lake dogo na kujiuliza kama wakati wa kulibadilisha umewadia. Swali hili huwahusu pia vikundi vya ushirika Unguja na Pemba, na watendaji wa Serikali wanaoombwa fedha za mashine mpya. Sisi tunaona yafaa lijibiwe kwa vipimo, si kwa tamaa wala kwa kuoneana haya.

Kwanza hatuna budi kutofautisha ugonjwa wa mashine na mpaka wake. Kerezo linalotetemeka, linalopiga kelele au lenye ukanda unaoteleza ni gonjwa tu. Mara nyingi dawa yake ni beringi mpya, ukanda mpya, au kulifunga barabara juu ya meza nzito. Patasi butu nazo huifanya mashine isingiziwe kosa lisilo lake. Tiba hizi ni nafuu mno zikilinganishwa na bei ya mashine mpya pamoja na nauli ya kuivusha bahari.

Mpaka, hata hivyo, hauna dawa. Kerezo lenye sentimita 45 baina ya ncha zake mbili halitapokea mguu wa meza wa sentimita 70, hata likitiwa mafuta kila asubuhi. Ni kweli fundi aweza kuukereza kwa vipande viwili na kulificha ungo chini ya pete ya nakshi, na kazi ikapendeza. Lakini akiletewa miguu 40, ujanja huo humlia muda na faida yote. Fundi anayelazimika kukataa kazi za namna hiyo kila mwezi ana hoja ya haki; asiyezikataa hana.

Tena tusiusahau umeme. Waya wa chini ya bahari uletao umeme Unguja ulipoharibika mwaka 2008, kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima. Na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 giza lilidumu miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa. Hata hivyo, mota kubwa hula umeme mwingi, na nyaya za karakana sharti zikaguliwe kabla mashine haijavushwa, si baada yake.

Jambo hili si dogo. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na roshani na ngazi zake zina nguzo za mbao zinazooza na kudai nyingine. Mafundi wetu wakishindwa kuzikereza, zitaagizwa kutoka nje, na ujira utakwenda na meli.

Kwa hiyo tunawashauri mafundi waweke daftari la kazi walizozikataa, na sababu ya kila moja. Watendaji nao wadai daftari hilo kabla ya kutia saini, na wakishaliona, wasicheleweshe. Na mashine mpya ikifika, ile ndogo isitupwe: vijana wajifunzie. Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao.