Anayetunza Naye Anaimba

Kila Februari, wageni wanapojaa Ngome Kongwe hapa Unguja kwa tamasha la muziki, hakosi mmoja wa kustaajabu kwamba mwanamke wa Kizanzibari anapanda jukwaani mbele za watu, tena bibi na mjukuu pamoja, mmoja akiimba na mwingine akipiga fidla. Huondoka akiamini kuwa tamasha ndilo lililomtoa ndani. Linaniudhi hilo kuliko joto la mwezi wenyewe.

Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Fatuma binti Baraka, wakati huo msichana tu, alizinasa nyimbo zake kwa masikio, bila daftari wala mwalimu, na ndiye tuliyekuja kumwita Bi Kidude, aliyeendelea kuziimba hadi uzeeni na kufariki Aprili 2013. Kabla yao wote, huko upande wa Pate na Siyu, Mwana Kupona alishamtungia bintiye utenzi mwaka 1858. Na hapa mjini Unguja akina mama walikuwa na vyama vyao vya taarab, Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, wakishindana kwa nyimbo na kwa mavazi mpaka majirani wakanuniana. Nani basi alitutoa ndani?

Lakini kinachoniuma zaidi ni jinsi kutunza kunavyosomwa vibaya. Mgeni akimwona mama anampelekea mwimbaji noti, hudhani ni bakshishi.

Njoo harusini uone. Ukumbi umejaa wanawake watupu, udi unafuka, mwimbaji amefika kwenye kibwagizo. Mama mmoja anainuka kitini, wala hana haraka. Noti ameikunja kwa urefu na kuibana baina ya vidole viwili, mkono uko juu. Haendi kwa mwimbaji moja kwa moja. Anapita safu ya tatu akicheza polepole, anafika mbele ya mtu fulani, na pale pale maneno makali ya kibwagizo yanapotua, anasita kidogo. Hamtazami usoni, anautazama ukuta ulio nyuma yake. Kisha ndipo anapokwenda kutoa noti. Ukumbi mzima umeshaelewa. Hakutukana, hakutaja jina, na akiulizwa atasema ameupenda wimbo tu. Aliyelengwa, kama ana akili, anafungua mkoba taratibu na kusubiri wimbo wa kujibia.

Mtunzi wa wimbo huo huenda aliutunga kwa uchungu wake mwenyewe, miaka mingi nyuma. Leo umeazimwa na mke mwenza, kesho na wifi, keshokutwa na mama aliyesingiziwa. Asiyejua kutunga hata mshororo mmoja anapata ushairi wake hapo. Ndiyo maana binti huketishwa karibu na wakubwa wake, afundishwe ubeti upi wa kuinukia na upi wa kukaa nao hata kama moyo unachemka. "Kaa mwanangu, huu si wako," ataambiwa, huku amebanwa goti asinyanyuke.

 

Mabinti wa sasa nawasifu. Chuo cha muziki cha Dhow Countries kimekuwa kikifundisha tangu 2002, na kikundi cha Tausi alichokianzisha Mariam Hamdani mwaka 2009 kimewapa wanawake kanuni, udi na fidla wapige wenyewe, kazi ambayo zamani hata vyama vya akina mama viliwaachia wanaume. Wanasoma noti za muziki ambazo bibi zao hawakuwahi kuziona. Lakini hizi noti nyingine, za kutunzia, nani anawafundisha kuzisoma? Kwenye tamasha jukwaa limeinuliwa juu, mbele yake kuna uzio na mlinzi. Wimbo umekatwa, kibwagizo kinaimbwa mara mbili basi. Bibi anaitwa aimbe wimbo mmoja, anapigiwa makofi, anapigwa picha, anashikwa mkono na kuteremshwa, halafu mabinti wanaendelea na yao. Matangazo yanasema vizazi vimekutana. Vimekutana wapi, kwenye ngazi?

Bibi huyo angeachwa akae pembeni ya fidla usiku kucha, binti angejua kwa jicho la bibi lini arudie kibwagizo kwa sababu kuna mtu anakuja, na lini afunge wimbo kabla watu hawajagombana. Hayo hayamo kwenye karatasi ya muziki.

Basi wanaoandaa maonyesho ya bibi na wajukuu nawaomba waweke ngazi mbele ya jukwaa na njia pana baina ya viti, na kibwagizo kirudiwe mpaka mtunzaji wa mwisho arudi kuketi. Na kijana anayeshika kipaza sauti asiwaambie akina mama wanaoinuka kutunza wakae.