Fumbo la Siri na Ulinzi wa Bandari
Ndugu askari, Bandari ya Bujumbura hupokea meli za Kigoma, Kalemie na Mpulungu. Habari za shehena zake zastahili kulindwa. Tujifunze kwa bandari nyingine. Huko Kilindini, Mombasa, mwaka 1942, wataalamu wa Uingereza walifumbua fumbo la meli za biashara za Japani, kwa sababu mtumaji alirudia ujumbe uleule kwa ufunguo uleule, akiongeza maelezo tu.

Leo ziko njia kuu mbili. Ufunguo mmoja, kama wa AES, wafaa kufungia kumbukumbu nyingi zilizohifadhiwa. Jozi ya funguo, kama ya RSA iliyobuniwa mwaka 1977, yafaa wasiowahi kukutana: ufunguo wa wazi hufunga, wa siri hufungua. Kurudia ufunguo kwa uzembe ni kumfungulia adui mlango.