Jiji Halijengwi kwa Hati Peke Yake

Mwanzoni mwa Aprili 2025, tukiwa tumeketi na marundo ya karatasi za mitihani nyumbani kwetu hapa Pioneer, mke wangu aliweka kalamu chini akaniuliza: "Mwalimu, tangu tuoane, tumefika Nairobi mara ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Mara mbili mazishini, mara tatu hospitalini, na mara kadha wa kadha kufuata faili iliyopotea katika ofisi moja. Hapakuwa na hata safari moja tuliyoifunga kwa ajili ya kutazama kitu kizuri. Nilinyamaza, kwa maana sikuwa na la kujibu.

Tukaamua kwamba Pasaka hiyo, kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, tungekwenda sisi wawili tu. Watoto wakapelekwa kwa nyanya yao. Jirani mmoja alipopata habari, alicheka waziwazi. Mwalimu mwenye karo ya kulipa afunge safari ya zaidi ya kilomita mia tatu kwenda kutazama miti na michoro? Makala haya ni jawabu langu kwake, na kwa wengine wengi wenye fikira kama yake.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye bustani ya miti iitwayo Arboretum. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka wa 1907, wala nia haikuwa starehe. Garimoshi la wakati ule lilikula kuni, na serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi katika ardhi hii. Leo shamba hilo la majaribio ya kuni ni mahali pa watu kupumulia. Tuliwaona wanafunzi wakidurusu vitabu chini ya miti, na wazee wakitembea polepole. Mke wangu alivua viatu akakanyaga nyasi zilizolowa kwa mvua ya masika. Tulikula mahamri kwa mbaazi tuliyokuwa tumeyanunua njiani, na kwa muda wa saa nzima hakuna aliyetaja shule.

Jumapili tulifika kwenye jumba la sanaa la Nairobi Gallery, katikati ya jiji. Jengo lenyewe ni la mwaka wa 1913. Lilikuwa afisi ya mkuu wa mkoa, na humo ndimo walimokwenda watu kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Sasa limehifadhi sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi: vinyago, nguo, mapambo, stempu na michoro kutoka pembe nyingi za Afrika.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi jina la Murumbi kama jibu la swali la mtihani: makamu wa pili wa Rais, aliyeteuliwa mwaka wa 1966 na kujiuzulu mwaka huo huo. Sikuwaambia, kwa sababu sikujua, kwamba alizaliwa mwaka wa 1911 huko Eldama Ravine, ambako njia yake tulikuwa tumeipita kwa matatu siku mbili tu zilizotangulia. Baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Wala sikuwaambia kwamba yeye na mkewe, Sheila, walitumia maisha yao kukusanya kazi za mikono za Waafrika wakati ambapo wengi wetu tuliziona ni vitu vya kuuziwa watalii.

Lakini kuna upande mchungu wa habari hii. Murumbi na mkewe waliiuzia serikali nyumba yao ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba ingekuwa taasisi ya mafunzo ya Kiafrika. Nyumba hiyo haikutunzwa, na mwishowe ikabomolewa. Vitabu na vitu vingi viliokolewa, na vingine vimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Nyumba haikurudi.

Jumatatu tulizuru makaburi yao City Park. Murumbi alifariki mwaka wa 1990 na Sheila mwaka wa 2000. Wamelala katika bustani hiyo, karibu na kaburi la rafiki yao Pio Gama Pinto, chini ya miti wanamorukaruka kima. Tulisimama hapo kwa kitambo, kisha tukaenda Parklands kula bajia za viazi kwa ukwaju, chakula ambacho Wahindi walituletea na sisi tukakifanya chetu.

Tukiwa mezani, mke wangu alisema jambo ambalo sijalisahau: hakuna hata bustani moja katika jiji lile iliyobaki kwa bahati. Mwaka wa 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba refu mno ndani ya Uhuru Park, na Wangari Maathai akatukanwa hadharani kwa kuupinga. Mwaka wa 1991 bustani ya Jeevanjee nayo ilinyemelewa, na Zarina Patel, mjukuu wa aliyeianzisha, akasimama kidete. Waliotangulia walikubali kudharauliwa ili sisi tupate pa kuketi.

Hapo ndipo ninaporudi nyumbani. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji la tano la Kenya. Mji uliokuwa shamba nambari 64, uliopewa jina lake mwaka wa 1912, umepanda cheo, nasi sote tulishangilia. Lakini hati haina kivuli cha kumkinga mtu jua. Kila mwezi naona majengo mapya yakichipuka mitaani, na watoto wa Pioneer wakichezea mpira barabarani. Mto Sosiani unapita katikati ya jiji letu. Kingo zake zikitengwa leo ziwe bustani ya umma, wajukuu wetu watatushukuru. Zikinyakuliwa, hazitarudi, kama ile nyumba ya Muthaiga.

Nasi walimu tusingoje wakubwa. Mtaala wa umilisi umeipa sanaa nafasi darasani. Basi kila shule itenge ukuta mmoja wa kuonyeshea kazi za wanafunzi, na ziara za shule zisiwe zawadi ya watahiniwa pekee. Mtoto asiyewahi kuonyeshwa kitu cha thamani hawezi kukilinda akiwa mtu mzima.

Ewe jirani, karo tuliilipa, ingawa kwa kubana matumizi hadi Julai. Usiku tuliporudi, tukiteremka Eldoret kwenye baridi, nilimuuliza mke wangu: "Sasa tumefika Nairobi mara ngapi?"

"Mara moja," akajibu.