Soko la Tamasha Edinburgh: Tiketi Tele, Vitanda Haba

Kila mwezi wa Agosti mji wa Edinburgh, makao makuu ya Uskoti, hugeuka kuwa soko kubwa la sanaa za jukwaani. Mji huo una wakazi wapatao nusu milioni tu. Katika wiki tatu za tamasha linaloitwa Fringe, hata hivyo, hupokea wageni kutoka kila pembe ya dunia, na bei za huduma muhimu hupanda kwa kasi ambayo mfanyabiashara yeyote aliyeona soko la nguo mkesha wa Idi ataitambua mara moja.

Kwa anayefikiria kusafiri kwenda huko, iwe kwa matembezi au kwa kutafuta nafasi ya biashara ya burudani, jambo la kwanza ni kuelewa soko lenyewe linavyofanya kazi. Wengi hupoteza fedha kwa sababu huanza mpango kwa kununua kitu ambacho hakina uhaba, na kuacha mwisho kile chenye uhaba mkubwa.

Asili ya soko huria

Tamasha la Kimataifa la Edinburgh lilianzishwa mwaka 1947, miaka miwili baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka huohuo vikundi vinane vya maigizo vilifika bila kualikwa na kuonyesha kazi zao pembezoni mwa tamasha rasmi. Huo ndio mwanzo wa Fringe. Baadaye kiliundwa chama cha kuratibu shughuli, lakini chama hicho hakichagui nani aonyeshe na nani asionyeshe. Mwenye onyesho, ukumbi na ada ya kujiandikisha anaingia sokoni.

Matokeo yake ni ugavi mkubwa kupita kiasi. Mwaka 2025, tamasha lilipofanyika kuanzia Agosti 1 hadi 25, kulikuwa na maonyesho zaidi ya 3,800, na tiketi zilizotolewa zilikuwa takriban milioni 2.6. Ukigawanya, kila onyesho lilipata wastani wa tiketi zisizofika 700 kwa msimu mzima. Wastani huo nao unaficha mengi, kwani kumbi kubwa zenye majina maarufu huchukua sehemu nono na wadogo hugawana makombo.

Tukiachia Fringe, Agosti hiyohiyo kuna Tamasha la Kimataifa lenyewe, tamasha la vitabu, na gwaride la muziki wa kijeshi kwenye uwanja wa mbele ya ngome, ambalo lilianza mwaka 1950. Wateja wote hao wanatafuta mahali pa kulala katika mji uleule.

Kitanda kwanza

Hapo ndipo penye kiini cha hesabu. Idadi ya maonyesho yaweza kuongezeka kila mwaka, kwa kuwa chumba cha baa au darasa la chuo laweza kugeuzwa ukumbi kwa siku chache. Kitanda hakiongezeki hivyo. Kwa upande mwingine, udhibiti umezidi kuwa mkali. Tangu Oktoba 2023 nyumba zinazopangishwa kwa muda mfupi Uskoti zinatakiwa kuwa na leseni, na wenye nyumba kadhaa waliokuwa wakiwapangishia wageni wa msimu wamelazimika kufuata taratibu hizo au kuacha.

Baraza la mji limeongeza pia tozo ya wageni ya asilimia 5 ya gharama ya malazi, kwa wanaolala kuanzia Julai 24, 2026. Tozo hiyo inahesabiwa kwa siku tano za kwanza tu za ukaaji mfululizo. Chukulia chumba cha pauni 150 kwa usiku, kabla ya kodi ya VAT, kwa siku saba. Tozo itakuwa asilimia 5 ya pauni 750, yaani pauni 37.50. Si fedha nyingi, lakini isipoandikwa kwenye bajeti inakula chakula cha siku nzima.

Njia za kupunguza makali zipo. Mabweni ya vyuo hukodishwa kwa wageni wakati wanafunzi wako likizo. Wengine hulala Glasgow, mwendo wa saa moja hivi kwa treni, ambako bei huwa nafuu zaidi. Ila treni za kurudi huisha karibu na usiku wa manane, na mgeni anayependa maonyesho ya usiku ataishia kulipa teksi ya safari ndefu. Nafuu ya chumba ipigiwe hesabu pamoja na nauli na muda unaopotea.

Pia siku zina bei zake. Mwisho wa wiki ni ghali kuliko katikati ya wiki. Anayeweza kufika Jumapili jioni na kuondoka Ijumaa asubuhi ananunua tamasha lilelile kwa bei ya chini.

Tiketi baadaye

Mgeni hodari, anayekimbia kutoka ukumbi hadi ukumbi, anaweza kuona maonyesho matano kwa siku. Kwa siku sita atakuwa ameona 30, ambayo hayafiki asilimia moja ya yote. Kwa hiyo hakuna haja ya kujaza ratiba yote miezi mitatu kabla. Inatosha kununua mapema tiketi za wasanii wachache wenye majina, ambazo kweli huisha, na kuacha nafasi kubwa wazi.

Tiketi nyingi za Fringe huuzwa kati ya pauni 10 na 20. Kwa desturi siku za mwanzo, wakati wasanii bado wanajaribu maonyesho yao, bei huwa chini, na ofa za tiketi mbili kwa bei ya moja hutolewa mwanzoni mwa msimu. Yapo pia maonyesho ya bure ambayo mtazamaji hutoa alichonacho kwenye ndoo wakati wa kutoka. Mitaani, hasa barabara ya kale ya Royal Mile, wasanii hugawa vipeperushi na kuonyesha vipande vya kazi zao. Hapo mnunuzi anaonja bidhaa kabla ya kulipa.

Upande wa muuzaji

Wapo wanaotaka kwenda na kikundi, na hao ndio wanaostahili tahadhari kubwa zaidi. Mkataba wa kawaida ni kugawana mapato ya mlangoni, asilimia 60 kwa wasanii na 40 kwa mwenye ukumbi. Lakini kumbi nyingi huweka kiwango cha chini cha dhamana, na mwenye ukumbi huchukua kile kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo.

Tufanye mfano wa kufikirika. Ukumbi una viti 60, tiketi ni pauni 12, na onyesho linafanyika siku 24. Ukumbi ukijaa kila siku, mapato ni pauni 17,280. Ikiwa theluthi moja tu ya viti inauzwa, mapato yanashuka hadi pauni 5,760. Asilimia 40 ya hapo ni pauni 2,304, lakini kama dhamana ni pauni 3,000, mwenye ukumbi atachukua hizo 3,000. Kikundi kinabaki na pauni 2,760 za kulipia ada ya usajili, matangazo, nauli, chakula na malazi ya wiki tatu kwa watu wote. Hata kikundi cha watu watatu hakitatoka salama.

Kwa nini basi watu wanakwenda? Wanalipia kuonekana. Phoebe Waller-Bridge alionyesha Fleabag katika Fringe ya mwaka 2013, na kazi hiyo baadaye ikawa mfululizo wa televisheni. Muziki wa jukwaani uitwao Six ulianza huko mwaka 2017 mikononi mwa wanafunzi wa Cambridge, kisha ukafika London na New York. Hao ni wachache kati ya maelfu. Mwenye mtaji mdogo aihesabu safari hiyo kama gharama ya matangazo, na asitie humo fedha ambazo hawezi kuzikosa.

Visa, nauli na noti

Raia wa Tanzania na Kenya wanahitaji visa kuingia Uingereza, na maombi huweza kutumwa hadi miezi mitatu kabla ya safari. Kwa anayekwenda Agosti, dirisha linafunguka Mei. Kwa sababu hiyo malazi yawekwe kwa masharti yanayoruhusu kufuta bila hasara, mpaka visa ipatikane. Chumba cha bei poa kisichorudishiwa fedha chaweza kuwa ghali kuliko vyote.

Anayeshukia London ana safari ya treni ya saa nne na nusu hivi kutoka kituo cha King's Cross hadi Waverley, katikati ya Edinburgh. Tiketi za treni zinazonunuliwa wiki kadhaa kabla huwa nafuu sana kuliko za siku ya safari.

Kuhusu fedha, ni busara kununua pauni kidogo kidogo kwa miezi kadhaa badala ya kungoja wiki ya mwisho, ili kushuka kwa shilingi siku moja kusivuruge mpango wote. Wakati wa kurudi pana mtego mwingine. Benki tatu za Uskoti hutoa noti zao zenyewe za pauni. Noti hizo zina thamani ileile ya za Benki Kuu ya Uingereza, lakini maduka mengi ya fedha nje ya Uingereza huzikataa. Zitumike au zibadilishwe kabla ya kupanda ndege.

Mpangilio unaofaa, kwa ufupi, ni huu: malazi yanayoweza kufutwa, visa, nauli, tiketi chache za lazima, halafu akiba ya kununulia mengine papohapo. Edinburgh mvua hunyesha hata katikati ya kiangazi, hivyo koti nalo liingie kwenye orodha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mji wenye maonyesho elfu tatu na ushei, daftari hilo lifunguliwe kabla ya Krismasi ya mwaka unaotangulia.